Soja Amelala Kwenye Geti: Vile Antivirasi ya Bure Iliniachia Mlango Wazi

Wasee, wengi wenu mliona vile chaneli yangu iligeuka. Jumatatu usiku ilikuwa na vidio ya wale wakaanga samaki wa Dunga. Jumanne asubuhi kulikuwa na mzungu anaongea mambo ya bitcoin, laivu, na jina la chaneli lishabadilishwa. Watu 14,300 wamenifuata kwa miaka mitatu, na nikaamka nikiwa mgeni kwa nyumba yangu mwenyewe. Wengine mlinitumia meseji mkicheka, "Kwani umeingilia forex?" Apana. Niliibiwa. Na leo nataka tuongee juu ya nani aliacha mlango wazi, ju mwizi hakuwa peke yake.

Nianze na kosa langu, ndio mtu asiniambie nimeficha. Nilipata barua pepe kutoka kwa "kampuni ya spika" inataka nitangaze bidhaa zao. Bei nzuri, Kiingereza safi, mkataba umeambatishwa. Faili ilikuwa imefungwa kwa pasiwadi, na pasiwadi wameniandikia hapo hapo. Nikaifungua. Ilikuwa na sura ya PDF lakini haikuwa PDF, ilikuwa programu. Nikabonyeza, hakuna kitu kikatokea. Nikasema labda faili imeharibika, nikazima taa nikalala. Hapa Migosi stima ilikuwa imesumbua siku nzima, nilikuwa nimechoka.

Hii njia si mpya. Oktoba 2021 Google yenyewe ilitoa ripoti kuhusu wezi wanaowatumia watu wa YouTube madili feki ya matangazo. Machi 2023 Linus Tech Tips wa kule Canada, watu wanaoongea mambo ya kompyuta kila siku na wenye wafuasi zaidi ya milioni 15, walichukuliwa chaneli kwa njia hiyo hiyo. Mwizi hahitaji pasiwadi yako. Ukishaingia kwa akaunti, brauza yako huweka kipande kidogo cha data kinachosema "huyu ashajitambulisha, mwacheni apite." Hiyo programu huchukua hicho kipande na kukituma kwa mwenyewe. Yeye akikiweka kwa brauza yake, YouTube inaona ni wewe. Hata ile namba ya siri inayotumwa kwa simu haiulizwi tena.

Sasa, swali ambalo kila mtu aliniuliza: "Kwani haukuwa na antivirasi?"

Nilikuwa nayo. Na hapo ndipo hasira yangu iko.

Nilipofungiwa laini ya intaneti kwa keja mwaka wa 2022, fundi aliniachia ruta, karatasi ya malipo na fleshi ndogo yenye nembo ya kampuni. Kwa hiyo fleshi kulikuwa na programu ya usalama, "zawadi kwa mteja wetu." Kampuni siitaji, na ukinijua usiandike jina lake kwa komenti. Wakati huo nilikuwa na laptopu ya ex-UK yenye Windows 10, nikaiweka, ikaonyesha alama ya kijani, nikatulia. Mwaka jana nikajipanga nikanunua laptopu mpya yenye Windows 11. Kitu ya kwanza nilifanya? Nikachukua ile fleshi. Nikaweka ile ile antivirasi. Alama ya kijani ikatokea tena. Nikaendelea na maisha.

Baada ya kuibiwa ndio nilifungua hiyo programu nikaisoma vizuri. Toleo lake ni la mwaka wa 2018. Ile karatasi iliyokuja nayo inasema imetengenezewa Windows 7, 8 na 10. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021, kwa hivyo siku fundi ananipatia hiyo fleshi, tayari kulikuwa na Windows ambayo hiyo programu haikuwahi kuisikia. Na orodha yake ya virusi mara ya mwisho iliingia lini? Haikuwa imeingia hata mara moja tangu niiweke kwa laptopu mpya. Waliotengeneza walishaacha kulihudumia hilo toleo. Lakini alama ilikuwa ya kijani.

Nielezee vile hii kitu hufanya kazi, ju wengi wetu tunadhani antivirasi ni kama kalenda ukutani, ikiwa ya zamani haisaidii lakini pia haidhuru. Si hivyo.

Fikiria ploti yenye geti. Tangu Windows 8 ya mwaka wa 2012, kila Windows huja na soja wake ndani, anaitwa Defender. Huyo soja ni wa bure, na anapata habari mpya za wezi kila siku kupitia apdeti za Microsoft. Lakini ana adabu moja: akiona umeleta soja mwingine, anakaa kando. Lazima afanye hivyo, ju antivirasi mbili zikifanya kazi pamoja zinagombana na mashine inakwama. Sasa kampuni yako ya intaneti inakuletea soja wake, amevaa yunifomu, ana rungu na beji. Soja wa nyumba anamwona, anasema sawa, anaenda kuketi. Shida ni kwamba huyu mgeni amelala tangu 2018. Hajui sura ya mwizi yeyote wa siku hizi. Lakini ju amevaa yunifomu, kila mtu anaamini geti iko na mtu.

Ndio maana nasema antivirasi iliyopitwa na wakati ni mbaya kuliko kukosa antivirasi. Kama fundi hangeniachia fleshi, Defender angekuwa kwa geti. Je, angemkamata huyo mwizi? Sijui, na sitawadanganya. Hizo faili hufungwa kwa pasiwadi makusudi ndio zipite bila kukaguliwa, na hata Linus na watu wake walipigwa. Lakini ningekuwa na soja aliyeamka. Hiyo nafasi niliondolewa na zawadi.

Na hizi programu si kama programu za kawaida. Antivirasi hupewa ufunguo wa vyumba vyote vya kompyuta, mpaka chumba cha ndani kabisa, ju lazima ione kila kitu. Ikikosea, inakosea na nguvu hiyo hiyo. Aprili 2010 McAfee walitoa apdeti moja mbovu iliyoona faili muhimu ya Windows XP kama virusi, na kompyuta zikaanza kujizima na kujiwasha. Tarehe 19 Julai 2024 apdeti ya CrowdStrike iliangusha kompyuta karibu milioni 8.5 duniani, ndege zikakwama, hospitali zikarudi kwa karatasi. Hao ni watu wanaoangalia programu zao kila siku. Sasa fikiria programu ambayo hakuna mtu anaiangalia, imekaa kwa chumba cha ndani cha mashine isiyoijua.

Kuna kisa kingine ambacho watu hawakumbuki. Januari 2018 kulipatikana kasoro kwa chipu za kompyuta, zile zinaitwa Meltdown na Spectre. Microsoft wakatoa dawa, lakini baadhi ya antivirasi hazikuelewana nayo na mashine zilikuwa zinakataa kuwaka. Walifanya nini? Walisema kompyuta yoyote ambayo antivirasi yake haijathibitisha kuwa iko sawa haipati hizo apdeti. Kwa hivyo kama ulikuwa na antivirasi ya zamani isiyo na mwenyewe, ulikosa dawa, na ukaendelea kuona alama ya kijani.

Sasa mtu atauliza, hii ni shida yangu peke yangu ama ni ya wengi? Nilijiuliza pia, nikaenda kwa saiba moja ya Kondele penye nilikuwa naenda kuediti vidio kabla ninunue laptopu. Mwenye saiba ni mathe fulani ananijua tangu nikiwa shule. Nikamwambia, "Mathe, naomba niangalie mashine zako, dakika tano tu." Akacheka, "Nyathina, usiniharibie biashara." Ana kompyuta nne. Tatu zina ile ile antivirasi, kutoka kwa ile ile kampuni, na alama ya kijani. Mbili kati ya hizo zishahamishwa kwenda Windows 11. Moja bado iko Windows 10, na unajua Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Wasee, fikirieni kenye hupita kwa hizo kompyuta. Tarehe 30 Juni ikikaribia, foleni ya kujaza ritani za KRA inafika nje. Watoto wa Fomu Nne wanaingia KUCCPS. Wa chuo wanaomba HELB. Wazee kutoka Nyalenda na Manyatta wanaingizwa eCitizen na wajukuu wao, namba ya kitambulisho kwa kipande cha karatasi, pasiwadi kwa kipande kingine. Mimi nilipoteza chaneli. Mwizi akiingia kwa hiyo saiba anapata mtaa mzima.

Mathe hakuwa mjinga. Aliambiwa na kampuni yenye nembo yake iko kwa mabango kwamba mashine zake ziko salama. Akaamini, kama mimi.

Nilipiga simu kwa kampuni. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa mpole, sina shida na yeye.

"Ndugu mteja, hiyo programu ni ya mshirika wetu, si yetu."

"Lakini madam, iko na nembo yenu. Fundi wenu ndiye alinipatia."

"Ndiyo, lakini ulipewa bure. Na kompyuta ni yako, si yetu."

"Mlijua haifanyi kazi kwa Windows mpya?"

Akaniweka kwa muziki dakika 11. Akarudi akasema huo mpango uliisha kitambo. Kitambo! Kwa hivyo walijua umeisha, na hakuna mtu aliona ni muhimu kuniambia. Hawa ni watu wanaonitumia meseji tatu kila mwezi kabla bili yangu ifike. Namba yangu wako nayo.

Tuchukue hizo hoja zake moja moja, ju nimeziona pia kwa komenti zenu.

"Ni ya bure, usilalamike." Kwanza si ya bure. Iliandikwa kwa karatasi ya paketi kama sababu moja ya kuwachagua wao. Pili, hata kama ni bure, chakula cha bure kikiwa kimeoza bado kinaumiza tumbo. Ukinipa kitu bure na kinazima kile kizuri nilikuwa nacho, umenitoza.

"Ni ya mshirika wetu." Sawa. Hii ni biashara ya kawaida kote duniani. Comcast kule Marekani waliwapa wateja wao McAfee, halafu Norton. Sina shida na ushirikiano. Lakini ukiweka nembo yako juu ya kitu cha mtu, umesimama naye. Makubaliano yenu yakiisha, mimi pia natakiwa kujua, ju mimi ndiye nimebaki na kitu kwa mashine.

"Kompyuta ni yako." Kweli, ni yangu, na ilikuwa jukumu langu kuangalia. Hiyo naibeba. Lakini Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inasema mtumiaji ana haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Habari. Meseji moja tu ya kusema "programu hii haihudumiwi tena, itoe." Hakuna pesa nyingi hapo.

Na hii tabia ni ya zamani. Wenye mna umri wangu mnakumbuka zile modemu za USB za bro wako mkubwa, baada ya kebo ya SEACOM kufika Mombasa mwaka wa 2009 na intaneti kuanza kushuka bei. Ulikuwa unachomeka modemu, inajiwekea programu yake yenyewe kwa kompyuta. Yetu ilifanya kazi vizuri kwa Windows ya wakati huo. Kompyuta ilipobadilishwa Windows, ile programu ikaanza kukwama, bro akatembea nayo mpaka mjini kutafuta fundi, akaambiwa anunue modemu ingine. Tulizoea hivyo, kwamba kampuni inakuuzia kitu cha leo na kesho ni shauri yako. Ikiwa ni modemu imekufa, unajua imekufa. Antivirasi ikifa hausikii.

Kwa hivyo mimi nataka vitu vitatu kutoka kwa hizi kampuni zote za intaneti, si moja tu.

Moja, kila programu mnayotupatia iandikwe wazi inafanya kazi kwa mfumo gani na mpaka tarehe gani. Maziwa ya pakiti yana tarehe, kwa nini soja wa kompyuta asiwe nayo?

Mbili, siku inaisha, mtutumie meseji ile ile ya bili, kwa Kiswahili, mtuambie tuitoe na vile tutaitoa.

Tatu, kama hamwezi kuihudumia, msitupatie kabisa. Wekeni hiyo bidii kwa ruta, ju ruta ni yenu. Mwaka wa 2016 kirusi kinachoitwa Mirai kiliteka ruta na kamera nyingi sana duniani kwa kujaribu pasiwadi za kiwandani ambazo hakuna mtu alibadilisha. Ukienda kwa ploti yoyote ya Kisumu leo, uliza watu wangapi wamebadilisha pasiwadi ya kuingilia ndani ya ruta. Apdeti za ruta na pasiwadi tofauti kwa kila mteja, hiyo ndiyo zawadi.

Najua kuna msee ataandika, "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, unatufunza nini?" Ni kweli, niliacha. Lakini haukuhitaji digrii kuona alama ya kijani ikidanganya. Ulihitaji tu mtu akuambie uangalie. Basi mimi nakuambia.

Leo, kabla ulale, fanya hivi. Kwa kisanduku cha kutafuta andika Windows Security, ufungue sehemu ya virusi. Itakuonyesha ni nani yuko kwa geti. Ukiona jina lingine mbali na Defender, fungua hiyo programu uangalie toleo lake na tarehe ya mwisho ilipata orodha. Kama ni tarehe ya juzi na ni ya mtengenezaji anayejulikana, sawa, kaa nayo. Kama ni ya miaka iliyopita, itoe kabisa, si kufunga tu dirisha. Watengenezaji wengi wana kifaa chao maalum cha kuitoa kwa tovuti yao, kitumie hicho, ju kuitoa kwa njia ya kawaida wakati mwingine huacha mabaki. Zima, washa, rudi uhakikishe Defender ameamka. Halafu weka apdeti zote zinazongoja.

Kama bado uko Windows 10 na laptopu yako ni ya ex-UK ya zamani, huenda Windows 11 ikaikataa, ju inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa mashine za Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu. Usidanganywe na mtu wa kukuwekea kwa njia za mkato. Microsoft wana mpango wa nyongeza wa kuihudumia Windows 10 mpaka Oktoba 2026, jisajili, utumie huo muda kujipanga.

Na kama ushabonyeza faili ya ajabu, usianze kwa kubadilisha pasiwadi ukitumia mashine hiyo hiyo. Chukua simu ama kompyuta ingine, ingia kwa akaunti, toa vifaa vyote vilivyoingia, halafu ndio ubadilishe. Hivyo ndivyo kile kipande alichoiba mwizi kinakufa.

Chaneli yangu ilirudi baada ya siku tisa. Ilirudi ikiwa na onyo, vidio 22 zimefutwa, na lile dili la hoteli ya samaki nililokuwa nimeahidiwa lilienda kwa mtu mwingine. Ile ya wakaanga samaki wa Dunga sina nakala yake, nitarudi kuirekodi upya.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwa mathe wa Kondele na tukatoa ile kitu kwa mashine zote tatu. Ilichukua saa moja na nusu pamoja na chai. Hakunilipisha chai, sikumlipisha kazi. Halafu akachukua kalamu, akaandika kwa karatasi na kubandika ukutani juu ya kompyuta ya kwanza: tarehe ya leo, na tarehe ya kuangalia tena.

Mathe wa saiba ameweza. Kampuni yenye mabango kutoka Mamboleo mpaka Kisian inashindwa na nini?